Jiwe la Pwani na Mfupa wa Mwanadamu

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wamelijua tumbawe kwa muda wa miaka elfu na zaidi. Wamelijengea misikiti, wamelichongea mihrabu, wamelichoma likawa chokaa, wala hawakuona jiwe lililowafaa kuliko hilo, jepesi kulibeba, rahisi kulikata lingali bichi, na lenye matundu tele yanayoshika lipu. Lakini si wengi wanaojua ya kuwa jiwe hilo hilo, na tena la jamii ile ile iliyopendwa na mafundi wa kale, liliingia katika chumba cha upasuaji katika robo ya mwisho ya karne ya 20, likatiwa katika mifupa ya watu iliyovunjika, na likawafunza mastadi wa kauri namna ya kutengeneza mfupa wa bandia ambao mwili huweza kuula kidogo kidogo na kuweka wa kwake mahali pake. Makala haya yaifuata historia hiyo, na yaifuata kutoka Dar es Salaam, kwa kuwa katika mji huu mambo mawili yamekutana: jiwe hilo limo katika pwani yake na katika kuta zake za kale, na waliovunjika mifupa humo ni wengi mno.

Tuanze na jiwe. Mafundi walitambua aina mbili. Ya kwanza ni jiwe la nchi kavu, mabaki ya miamba ya bahari ya zamani iliyobaki juu bahari iliposhuka. Ni gumu, limejaa makombe, nalo lilitiwa katika kuta nene. Ya pili ni tumbawe lenyewe lililokatwa baharini likiwa hai, hasa la jamii ambayo wataalamu wa viumbe huiita Porites. Hili litokapo majini ni laini, na fundi huweza kulichonga kwa zana ndogo kana kwamba ni mti, likikauka hukaza. Katika jiwe la tumbawe yalichongwa maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye mwaka wa 500 wa Hijra, yaani 1107, na katika jiwe hilo yalichongwa mapambo ya Husuni Kubwa huko Kilwa katika karne ya 14. Yaliyobaki yalikwenda tanuuni. Magogo yalipangwa kwa duara, matumbawe yakarundikwa juu yake, moto ukawashwa, na baadaye majivu yale meupe yakanyweshwa maji yakawa chokaa ya kujengea. Mchoma chokaa hakuwa na haja ya kujua ya kuwa jiwe lake ni kalsiamu kaboneti na ya kuwa moto huiondoa hewa ya kaboni iliyomo. Alijua kazi yake, na nyumba zilisimama.

Sultani Majid bin Said wa Unguja alipoanza kujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, mafundi wake walitumia maarifa hayo hayo. Boma la Kale, lililojengwa mwaka wa 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani, lingali limesimama kuelekea bandari, na kuta zake za matumbawe na chokaa, na boriti zake za mikoko, na mlango wake wa kuchongwa. Baadaye Wajerumani, waliohamishia makao makuu yao hapa mwaka wa 1891, na Waingereza baada yao, waliugawa mji kwa kanda za ujenzi, na jiwe likawa cheo. Upande wa bahari na Uhindini palijengwa kwa mawe. Ng'ambo ya uwazi wa Mnazi Mmoja, katika viwanja vya Kariakoo vilivyopimwa kwa mistari iliyonyooka, Mwafrika alijenga kwa miti na udongo, akapaka kuta chokaa kama alikuwa na uwezo. Jina lenyewe la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka wa 1916. Na soko lilifunguliwa mwaka wa 1923. Saruji ya Wazo Hill, iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1966, ikazidi kuipunguza kazi ya tanuu. Saruji hiyo nayo, msomaji atambue, hutokana na jiwe la matumbawe ya zamani lililomo katika kilima hicho, kwa hiyo hata maghorofa ya leo ya Kariakoo yana asili ya baharini.

Sasa tuuendee mfupa. Lugha yetu yenyewe yaonyesha jinsi jambo hili lilivyo la kale. Kitenzi kuganga maana yake ni kuunga na kufunga kitu kilichovunjika, na gango ni kile kinachoungia. Kutoka hapo ndipo tulipompata mganga. Yaani mtabibu wetu wa kwanza, kwa ushahidi wa lugha, ni yule aliyefunga mfupa kwa vijiti na kamba akausubiri. Naye hakukosea, kwa sababu mfupa ni miongoni mwa viungo vichache vya mwili vinavyojirudisha vyenyewe bila kuacha kovu: vipande viwili vikikaribiana na kutulia, damu inayoganda kati yao hugeuka kuwa gegedu laini, na gegedu hugeuka mfupa. Lakini pakiwa na pengo, kwa kuwa kipande kimepotea barabarani au kimeoza kwa usaha, gango halifai kitu. Mwili hujaza pengo lile kwa nyama ya kovu, na kiungo hubaki kikining'inia. Hapo ndipo inapohitajika kitu cha kuweka katikati, na habari yote ya vipandikizi ni habari ya kutafuta kitu hicho.

Mwaka wa 1668 Mholanzi Job van Meekeren aliandika habari ya askari wa Urusi aliyezibwa fuvu kwa mfupa wa mbwa. Kisa hicho hupenda kusimuliwa, nami sikipi uzito mkubwa. Kazi iliyo na uzito ni ya William Macewen wa Glasgow, ambaye mnamo mwaka wa 1880 alimjengea mtoto mdogo mfupa wa mkono ulioliwa na maradhi, kwa vipande vya mifupa vilivyotolewa katika upasuaji wa watoto wengine wenye matege. Baada yake madaktari walikuja kuona ya kuwa mfupa bora kuliko yote ni wa mgonjwa mwenyewe, ukichotwa hasa katika nyonga, kwa sababu ndani yake mna mambo matatu kwa pamoja: kiunzi cha kupandia, seli hai za kujenga, na vichocheo vya kuziita nyingine. Hata leo kila kitu kipya hupimwa kwa huo. Walakini una gharama yake. Mgonjwa aliyeingia na jeraha moja hutoka na mawili, na mara nyingi lile la nyonga humwuma muda mrefu. Na mfupa wenyewe una kiasi, na kwa mtoto kiasi hicho ni kidogo mno.

Basi watu wakajaribu madini. Mwaka wa 1892 daktari Dreesmann wa Bonn alitangaza kwamba mashimo ya mifupa iliyoharibiwa na kifua kikuu yalijazwa jasi, ile ile inayofungiwa miguu iliyovunjika, na kwamba baadhi ya mashimo hayo yalijaa mfupa. Mwaka wa 1920 Fred Albee wa New York pamoja na mwenzake Morrison waliandika habari za majaribio yao juu ya sungura, ambamo walitia kalsiamu fosfeti katika pengo la mfupa na kuona kwamba huungana upesi zaidi. Mawazo yote mawili yalikuwa mema. Lakini jasi huyeyuka kwa majuma machache, kabla mfupa haujafika, na unga wa fosfeti hauna umbo la kumwongoza yeyote mahali pa kwenda. Jambo lililokosekana halikuwa madini, lilikuwa nyumba.

Jibu lilianza kupatikana baada ya mwaka wa 1965. Larry Hench wa Florida, akichochewa na swali la afisa wa jeshi la Marekani aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, alitengeneza mwaka wa 1969 kioo kinachoshikamana na mfupa. Mwaka wa 1971 Klawitter na Hulbert wakaonyesha, kwa kupandikiza kauri zenye matundu, kwamba mfupa hauingii tu mahali popote palipo wazi. Njia inayounganisha tundu na tundu ikiwa nyembamba mno, hupita maji na nyuzi za nyama tu. Ili mfupa ulio kamili uingie, pamoja na mishipa yake ya damu, njia hiyo yapaswa kufikia upana wa maikromita 100 hivi, ambao ni kama unene wa unywele mmoja wa kichwa. Wala haitoshi matundu kuwapo: ni lazima yafunguliane. Vyumba mia visivyo na milango si nyumba.

Kulitengeneza jiwe la namna hiyo kwa viwanda vya wakati ule kulikuwa shida kubwa, maana matundu yaliyopatikana kwa kuchanganya unga na kitu kinachoungua yalitokea makubwa na madogo, mengine wazi na mengine yamefungwa. Ndipo kikundi cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Weber na akina White, kilipopata wazo ambalo fundi wa Kilwa asingelishangaa: waliangalia ndani ya tumbawe. Katika mwaka wa 1972 walieleza jinsi ya kulitumia kama kalibu ya kutolea nakala zenye matundu. Tumbawe la Porites, lile lile la mihrabu zetu, lilikuwa na matundu ya upana wa maikromita 200 hivi, yote yamefunguliana, yote karibu sawa; na jamii nyingine iitwayo Goniopora ilikuwa na ya 500 hivi. Mnyama mdogo wa baharini, akijijengea makao yake mwenyewe, alikuwa amekwisha fanya kazi iliyowashinda wenye matanuri.

Mwaka wa 1974 Della Roy na Linnehan, wa chuo hicho hicho, wakaenda hatua ya ajabu zaidi. Walilitia tumbawe katika chombo cha chuma pamoja na maji yenye fosfeti, wakalipasha joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi chini ya kani kubwa. Kaboneti ikatoka, fosfeti ikaingia mahali pake, na lilipotolewa lilikuwa na umbo lile lile, matundu yale yale, lakini halikuwa tena jiwe la chokaa. Lilikuwa haidroksiapataiti, madini ya jamii ile ile inayofanya sehemu kubwa ya uzito wa mfupa wetu. Mchoma chokaa hugeuza tumbawe kwa moto likapoteza umbo lake; hawa waliligeuza kwa maji ya moto, na umbo ndilo walilolihifadhi. Kutokana na kazi hiyo kilitoka kipandikizi kilichoruhusiwa kutumika Marekani mwaka wa 1992.

Hapa ndipo panapo kiini cha mambo, na hapa ndipo wataalamu walipogawanyika. Haidroksiapataiti iliyo safi ni ngumu kuyeyuka. Mfupa huingia katika matundu yake, naam, lakini jiwe lenyewe hubaki miaka na miaka, na mgonjwa aliyepewa kiunzi cha muda hujikuta amepewa cha kudumu. Mfupa wa kweli hauko hivyo. Kila siku zimo ndani yake seli zinazoula kwa asidi na nyingine zinazoujenga upya, na kwa sababu hiyo mfupa hujipanga kadiri ya mzigo unaoubeba. Jiwe lisiloliwa hukaa katikati ya kazi hiyo kama kisiki shambani. Wafaransa, katika miaka ya 1980, walichukua njia nyingine: walilisafisha tumbawe na kulipandikiza lilivyo, likiwa kaboneti. Msomaji akidondosha maji ya ndimu juu ya unga wa tumbawe ataona povu likitoka. Seli zinazokula mfupa hufanya jambo lililo karibu na hilo. Basi tumbawe lisilogeuzwa huliwa upesi, pengine upesi kupita kiasi, na mfupa usiokimbia hukuta nyumba imekwisha bomolewa.

Wamarekani nao wakarudi nyuma nusu ya njia. Wakatengeneza tumbawe ambalo limegeuzwa ngozi tu, kwa unene wa maikromita chache, na ndani likabaki kaboneti: ngozi ikiisha kuliwa, mwili huingia kwenye chokaa na kuimaliza. Kwa maoni yangu hilo ndilo funzo kubwa kuliko yote katika historia hii, kwa sababu lilionyesha kwamba ubora wa kipandikizi si katika kudumu kwake bali katika kwisha kwake kwa wakati ufaao. Wanaotengeneza kauri bila tumbawe walifika hapo hapo kwa njia yao. Walichanganya haidroksiapataiti na trikalsiamu fosfeti, ambayo huyeyuka upesi zaidi, na kwa kubadili kiasi cha kila moja wakapata kuamua kauri ikae muda gani.

Neno kauri, kwa njia, linafaa hapa kuliko wengi wanavyodhani. Ni simbi ya baharini, na ni vile vyombo vyeupe vya China ambavyo mabaki yake yamejaa katika magofu ya pwani. Zote mbili ni gamba gumu, moja la mnyama na moja la moto. Kauri ya mifupa ni zote mbili kwa wakati mmoja. Na njia mojawapo ya kuitengeneza ni nyepesi kueleza: sponji huloweshwa katika uji wa madini, ikakamuliwa, ikakaushwa, kisha ikachomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1000. Sponji huungua na kutoweka, na kinachobaki ni nakala yake ya jiwe, yenye matundu yaliyofunguliana. Asiwepo wa kudhani kwamba jambo limekwisha hapo. Kauri yenye matundu huvunjika upesi kama kigae, haiwezi kubeba uzito wa mtu peke yake, na ikitiwa katika jeraha lenye usaha hugeuka kuwa maficho ya vijidudu.

Tahadhari hiyo ya mwisho ndiyo inayotupeleka Muhimbili. Tiba ya mifupa katika mji huu ina ukoo mrefu. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo, alitoa mali yake kwa hospitali ya watu wasio Wazungu iliyofunguliwa mwaka wa 1897. Mwaka wa 1956 ikajengwa Upanga hospitali iliyoitwa Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili, na jina la Sewa Haji likabaki katika wodi. Taasisi ya Mifupa, inayojulikana kwa herufi zake za MOI, iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka wa 1996. Kutoka hapo hata soko la Kariakoo si mbali, mtu huweza kwenda kwa miguu. Kati ya sehemu hizo mbili zapita pikipiki za abiria na mikokoteni na magari ya mizigo, na wengi wa wanaoumia ni vijana wenye nguvu za kufanya kazi. Katika uchunguzi mmoja uliofanywa MOI na kutangazwa mwaka wa 2020, watu wazima 240 waliovunjika muundi kwa jeraha la wazi walisajiliwa katika muda wa miezi isiyofika 24, ili ijulikane kama ni heri kuwatia msumari ndani ya mfupa au kuwafunga vyuma vya nje. Katika upande wa maambukizo ya ndani na kupasuliwa tena, tofauti iliyoonekana haikutosha kuthibitisha kwamba njia moja yapita nyingine. Watu 240, hospitali moja, mfupa mmoja wa mguu. Na tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja liliporomoka Kariakoo likiwa na watu ndani; zaidi ya 20 walifariki, makumi wakatolewa chini ya kifusi, na majeruhi wakapelekwa katika hospitali za jiji, Muhimbili na Amana miongoni mwazo.

Kwa watu wa namna hiyo, pale pengo linapotokea, jawabu lililo karibu ni lile la zamani, kuchota nyonga. Kauri za kununuliwa hutoka ng'ambo, na bei yake si ya mpagazi wa sokoni. Je, nchi haiwezi kutengeneza yake? Mtu wa haraka atasema jiwe si hilo hapo baharini, likatwe. Mimi napinga. Miamba ya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, mbele ya Dar es Salaam, iliwekwa akiba mwaka wa 1975, na imekwisha kuteswa vya kutosha kwa baruti za wavuvi. Na Mafia na Mikindani uchimbaji wa matumbawe kwa chokaa umeonyesha jinsi mwamba unavyokawia kurudi. Tumbawe limekwisha fundisha lililokuwa la kufundishwa. Kinachotakiwa sasa ni umbo lake, na umbo laweza kuigwa.

Malighafi nyingine zipo, kila moja na dosari yake. Fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, inayochimbwa tangu mwaka wa 1983 kwa ajili ya mbolea, kwa sehemu ni masalia ya ndege wa ziwa la kale. Lakini ina floridi na urani, na haiwezi kukaribia mwili wa mgonjwa kabla ya kusafishwa kwa uangalifu mkubwa. Mifupa ya ng'ombe ni mingi machinjioni, na kuichoma si jambo geni nchini. Katika kituo cha Ngurdoto, Arusha, mifupa huchomwa iwe mkaa wa kuchujia maji, kwa sababu haidroksiapataiti iliyomo huinasa floridi, ile ile inayopinda mifupa ya watu wa kaskazini wanaoinywa kwa miaka mingi. Huo tayari ni ufundi wa apataiti, ingawa haukukusudiwa kuingia chumba cha upasuaji. Mkaa wa maji huchomwa kwa joto la wastani, nyuzi 500 hivi, ukinyimwa hewa, wala haudhuru ukibaki mweusi. Mfupa wa kupandikizwa lazima uchomwe kwa hewa tele hadi karibu nyuzi 1000, uwe mweupe kabisa, usibakie mafuta wala chembe ya nyama ya mnyama. Kisha upimwe ukubwa wa matundu, upimwe madini mazito, uuliwe vijidudu, ujaribiwe kwa wanyama, na mwishowe kwa watu walioridhia. Tanuri la kazi ya kwanza na tanuri la kazi ya pili hazipitani sana kwa gharama. Kinachozitenganisha ni maabara iliyo nyuma ya la pili, na miaka ya subira ya wale watakaokaa humo.